Mfuko wa Arobaini na Moja

Nilipowaambia wenzangu bwenini kwamba likizo ya Agosti niliimaliza nikichimba vishimo katika mashamba ya watu huko Vihiga, walicheka kweli kweli. Mmoja akauliza kama nilikuwa natafuta dhahabu. La hasha! Nilikuwa namsaidia mjomba wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea udongo, kuchora ramani ya mashamba yenye asidi nyingi.

Jambo hili si mchezo, ndugu msomaji. Mama zetu hununua mbolea ya DAP kila msimu, na bado mahindi yanafika magotini na kugeuka zambarau. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, fosforasi tuliyoinunua kwa taabu hushikwa na aluminiamu na chuma ardhini, mmea ukabaki na njaa. Tena DAP yenyewe, ikitumiwa miaka nenda miaka rudi, huzidisha asidi. Dawa ni chokaa. Lakini chokaa kiasi gani, na katika shamba la nani?

Utasema, si kuna ramani? Ipo. Ile ya nchi nzima iliyotolewa na Kenya Soil Survey mwaka wa 1982 ni ya kipimo cha 1:1,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita kumi. Lokesheni yetu nzima naifunika kwa ukucha wa kidole!

Kazi yetu ilianza mezani, wala si shambani. Mjomba alifungua QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, akaweka vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000, kisha picha za setilaiti ya Sentinel-2. Kompyuta ikaugawa mlima wetu kwa urefu, mteremko na ukijani, halafu ikapiga kura katika kila sehemu. Pesa za maabara zilitosha sampuli 40 tu, kwa hivyo nukta zikawa 40. Mbona tusichote tu kando ya barabara, tumalize kwa siku mbili? Mjomba akasema hiyo ingekuwa ramani ya barabara, si ya mashamba.

Kwa nini mteremko? Hapa nilifurahi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, aliona kuwa udongo hubadilika kwa utaratibu toka kileleni hadi bondeni, na utaratibu huo hujirudia mlima baada ya mlima. Mwaka wa 1935 akauita "catena", neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Kumbe wazo linalotumiwa ulimwenguni kote lilitoka papa hapa Afrika Mashariki!

Shambani, simu ndiyo iliyotuongoza. Nukta moja ilituangusha juu ya jabali, nyingine katikati ya makaburi ya boma la watu. Kwa ajili hiyo zilikuwapo nukta za akiba, zilizopangwa mapema ili mtu asijichagulie penye kivuli. Kila mahali tulichota mara kadhaa, kina cha sentimita 20, tukachanganya ndooni, tukatia mfukoni na kuandika nambari.

Siku ya nne nyanya mmoja alitusimamisha njiani, jembe begani.

"Wajukuu wangu, mbona mwanipita? Kwa jirani mmechota. Wangu unanuka?"

"Hapana, mama," mjomba akajibu kwa adabu. "Shamba lako litakuwamo kwenye ramani. Kompyuta italilinganisha na mengine yenye mteremko kama wako."

Nyanya akamtazama kama mtu aliyeambiwa homa yake imepimwa kwapani mwa jirani. "Kwa hivyo mtaandika habari za shamba langu na hamjaligusa?"

Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akaketi kwenye nyasi na kumweleza. Ramani hiyo ni makisio yenye hesabu. Itakuwa na pacha wake, ramani ya mashaka, inayoonyesha mahali pasipoaminika sana. Na sampuli 10 kati ya zile 40 zingefichwa zisitumiwe kuchora, ila kuijaribu ramani ikishakamilika. Mimi niliona maelezo ni mazuri, lakini niliona pia kwamba atakayenunua chokaa kwa makisio hayo si kompyuta, ni nyanya.

Basi tukachota kwake. Mfuko huo ni wa 41, na mjomba aliutia alama ya nyota, kwani haukuchaguliwa kwa kura na hauwezi kuhesabiwa miongoni mwa zile za kujaribia ramani. Gharama ya maabara aliitoa mfukoni mwake.

Majibu bado. Mama alipokuja kunitembelea shuleni alisema kila siku ya soko nyanya humshika mkono na kumuuliza, "Udongo wangu umesemaje?"