Mama Alikuwa Anaongea Haraka

Projekta ya filamu ikiugua sauti, yenyewe hukueleza inaumwa wapi, mradi ujue kusikiliza. Hilo nimejifunza Chang'ombe, kwenye chumba cha uani cha mjomba wangu, aliyekuwa opereta wa sinema tangu ujana wake mpaka majumba ya katikati ya jiji yalipoanza kufungwa. Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo: huyataja kama wengine wanavyotaja shule walizosoma. Siku hizi anatengeneza feni na redio za majirani. Lakini ana projekta moja ya milimita 16 ambayo hajakubali kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, ingawa wanapita kila wiki na mizani yao.

Pembeni mwa picha, kwenye filamu, kuna mstari mwembamba unaopanuka na kusinyaa kufuata mawimbi ya sauti. Taa ndogo hupitisha mwanga kwenye mstari huo. Upande wa pili seli huupokea mwanga unaochezacheza na kuugeuza umeme, amplifaya ikaukuza, spika ikasema. Shida ni kwamba picha na sauti zinataka mwendo tofauti. Kwenye dirisha la picha filamu lazima isimame na kuruka, mara 24 kila sekunde. Kwenye sauti lazima iteleze bila kushtuka. Kwa hiyo sauti haiwekwi kando ya picha yake. Kwenye milimita 16 huitangulia kwa fremu 26, zaidi kidogo ya sekunde moja, ili filamu itulie kabla ya kufika kwenye gurudumu laini ambalo mjomba huliita ngoma.

Zamani hata huko kukaa kwenye filamu moja hakukuwepo. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema ya elimu uliokuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulizungusha picha zake vijijini huku sauti ikitoka kwenye sahani za santuri. Ukiikata filamu fremu chache ili kuiunga, sahani haina habari. Inaendelea kusema yake, na picha yake.

Mjomba hufundisha magonjwa kwa kuigiza. Sauti ikitetemeka kama ya mtu anayeongea mbele ya feni, kagua ngoma: beringi imekauka, au rola ya mpira inayokandamiza filamu imebonyea upande mmoja. Maneno yakipoteza ncha, "sisi" ikasikika kama "hihi", futa lenzi ya sauti, na kama hakuna nafuu, ilenge upya. Mtutumo wa haraka, mara 24 kwa sekunde, maana yake mwanga umesogea ukaingia upande wa picha. Na kukiwa na mvumo mzito usiokoma, chukua kadi, yeye hutumia kadi ya mchango wa harusi, uzibe mwanga wa ile taa ndogo. Mvumo ukikatika, tatizo liko kwenye taa au umeme unaoilisha. Ukiendelea, fungua amplifaya.

"Usibadilishe kitu kabla hujajua nani anaumwa," husema.

Ila kuna ugonjwa mmoja ambao mashine haiusemi. Magurudumu yanayovuta filamu yana meno yanayoingia kwenye vitundu vya pembeni. Yakitumika miaka mingi yanalika upande mmoja, yanajikunja kama ndoana. Projekta itaendelea kuzunguka, lakini kila jino likitoka kwenye kitundu linakikwaruza, halafu linakipasua. Anayeumia ni filamu. Spea zilipokuwa hazipatikani, mafundi walikuwa wakilichomoa gurudumu na kuligeuza, upande ambao haujalika nao ukaanza kazi. Yake ameshayageuza. Hakuna upande wa tatu.

Mwaka jana alikuja mgeni, mtu wa makamo, na kopo la bati kwenye mfuko wa Rambo. Baba yake aliwahi kuendesha gari la sinema vijijini, na ndani ya kopo kulikuwa na filamu fupi ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970. Mama yake anaonekana humo, anasoma ubaoni, kisha anaongea. Alifariki yeye akiwa darasa la tano. Picha za mama anazo mbili. Sauti hana.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe mashine yako inafanya kazi."

"Marahaba, mwanangu. Mashine inafanya."

Mjomba alifungua kopo, na chumba kizima kikanuka siki. Filamu za asetati zikikaa kwenye joto na unyevu kama wa Dar zinaoza kwa ndani, zinatoa asidi, na zinasinyaa. Alitandaza kipande mezani, akahesabu fremu 100, akapima kwa rula ya chuma. Filamu nzima kiafya ingefika milimita 762. Hii iliishia 754. Imepungua zaidi ya asilimia moja, na meno ya projekta hayajui kupunguza hatua.

"Siipitishi," alisema.

Mgeni alidhani ni suala la bei. Akaongeza. Mjomba akamwonyesha jino kwa kioo cha kukuzia, kisha kitundu, kisha akamwacha akae kimya nalo. Ingepita mara moja, labda. Hiyo mara moja ndiyo ingekuwa ya mwisho.

Kisha mjomba akakumbuka kwamba ngoma haina meno. Akaruka magurudumu yote na dirisha la picha, akailaza filamu juu ya ngoma peke yake, akawasha taa ya sauti bila kuwasha mota. Mimi nikashika rili ya kulishia ili isikimbie, yeye akaanza kuvuta taratibu kwa mkono. Filamu ya milimita 16 inapaswa kwenda sentimita 18 kila sekunde, na hakuna mkono unaoweza mwendo huo bila kuyumba. Spika ilitoa mngurumo, kama ng'ombe chini ya maji.

"Haraka kidogo," mgeni alisema. "Mama alikuwa anaongea haraka."

Mjomba akaongeza mwendo. Mngurumo ukapanda, ukawa mtu, ukawa mwanamke. "Zaidi," akasema, halafu: "Hapo. Hapo hapo." Tulisikia sentensi mbili kuhusu kuandika barua bila kumtegemea mtoto wa jirani. Alirekodi kwa simu, sekunde chini ya 40.

Wiki iliyofuata alipiga simu. Dada yake mkubwa amesikiliza na kusema bado ni polepole, mama alikuwa na kasi kuliko hiyo. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sasa ndiye ninayeandika barua pepe kutafuta skana isiyotumia meno, itakayoisoma filamu kwa fremu 24 kamili na kuamua kati ya ndugu hawa wawili. Wakati tunasubiri, kopo liko kwetu. Kila Jumamosi mjomba analifungua uani, kivulini, ili asidi itoke, anasimama pembeni kidogo kwa sababu ya harufu, kisha analifunga.