Harufu ya Greeley inapanda mlima

Kwenye kipindi cha juzi tuliongea kuhusu kazi za wazazi wetu, na msikilizaji mmoja akaniuliza: "Greeley si kule Colorado kunakonuka ng'ombe?" Ndiyo, ndiyo kwetu. Papa alitoka Uvira, akapitia kambi ya Nyarugusu, na leo anakata nyama kiwandani.

Sasa, ile harufu ina amonia, inayotoka kwenye mkojo na samadi ya ng'ombe walio mazizini. Na amonia ina naitrojeni. Najua utasema: si tulifundishwa asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, shida iko wapi? Ile ya hewani imetulia tu, mimea mingi haiwezi kuitumia. Lakini amonia, na gesi za moshi wa magari na mitambo ya umeme, ni chakula tayari. Yaani ni mbolea inayopaa.

Upepo ukivuma kutoka mashariki, unaisukuma mpaka Hifadhi ya Rocky Mountain, inashuka na mvua na theluji. Kule juu ni mawe, udongo kidogo, mimea michache. Haiwezi kuila yote. Theluji ikiyeyuka, inayobaki inateremka kwenye vijito ikiwa nitrati. Watafiti wanapima maji ya Loch Vale tangu 1983. Maziwa ya kule yalizoea chakula haba, na sasa mwani wake umebadilika: aina zinazopenda mbolea zimetawala. Naitrojeni ikizidi zaidi, maji yenyewe yataanza kuwa na asidi.

Mwaka 2007 serikali iliweka lengo: ifikapo 2032, inayoshuka na mvua na theluji isizidi kilo 1.5 kwa hekta kwa mwaka. Wakati huo ilikuwa kama kilo 3.

Wengine wanasema mazizi yafungwe tu. Basi kodi yetu italipwa na nani? Na pesa za bibi kule Uvira? Ila kuna kinachofanyika: wafugaji hupewa tahadhari upepo ukitaka kugeuka, wasubiri kuhamisha samadi au kuweka mbolea. Nilipomweleza Papa, akasema: "Hata kwetu, mtu hawashi moto shambani upepo ukielekea kwa jirani."

Mlima ni jirani. Kwa hiyo usiniambie nichague kati yake na Papa.

Na wewe, kazi ya mzazi wako inamfikia jirani gani? Tuandikie, tutasoma kipindi kijacho.