Hapa Panaitwaje?

Miaka ile ya kupimiwa mashamba, uhuru ukiwa bado mchanga, nilikuwa miongoni mwa vijana wa kubeba vigingi. Wazee wa kamati walitangulia, karani akafuata na daftari lake, nasi tukachimba na kupanda ua ili mipaka ionekane kwenye picha za ndege. Kwetu Kiogoro, Kisii, ni nchi ya migongo na mabonde. Shamba huanza juu barabarani likateremka, jembamba kama utepe, hadi kijitoni. Kila mteremko ulikuwa na jina lake, na ni katika kazi ile nilipoyasikia mengi ya majina hayo kwa mara ya kwanza.

"Wazee, hapa panaitwaje?" karani aliuliza kila tulipovuka kijito. Hawakukimbilia kujibu. Kwetu Abagusii, jina la mahali mara nyingi ni jina la watu: Bobasi ni nchi ya Ababasi, Nyaribari ni ya Abanyaribari, na ndani ya nchi hizo kubwa kila ukoo una kipande kinachoitwa kwa jina lake. Kutaja jina ni kusema nani alitangulia kufika. Mbele ya mnyororo wa kupimia, jibu kama hilo ni ushahidi.

Nakumbuka mteremko mmoja uliosimamisha kazi. Mzee mmoja alisema unaitwa kwa jina la babu yake. Jirani yake akakataa: pale palikuwa na egesarate, boma la ng'ombe walilolala vijana wakilinda mifugo, nalo halikuwa la mtu mmoja. Serikali ya kikoloni ilikuwa imevunja maboma hayo mwaka 1912 na 1913, na walioyakumbuka walikuwa wamebaki wachache. Wazee walikaa chini kama etureti, baraza la wazee, inavyokaa, wakazungumza hadi jua likapinda, wasielewane.

Mwishowe wakamwita ajuza wa pale. Nilishangaa, maana mwanamke hakuwa na kiti katika baraza lile. Baadaye nikaelewa. Msichana wa Kigusii haolewi katika ukoo wake, kwa hiyo mke hufika ugenini akajifunza majina moja moja: chemchemi ya kuchota maji, njia ya kwenda kwa shemeji, mahali asipopita. Tena hana babu wa kumtetea pale. Ajuza alihesabu miaka kwa vita. Alianza na mwaka Otenyo wetu alipomchoma mkuki Northcote, ofisa wa Waingereza, ndio 1908, akaja hadi ule wa Wajerumani kupigana na Waingereza mjini Kisii, Septemba 1914. Kati ya vita hivyo viwili, alisema, boma lilikuwepo, nao waliolala humo walitoka nyumba zote mbili, ya mzee yule na ya jirani yake. Mteremko ukagawanywa.

Mji wenyewe aliuita Bosongo, kama walivyouita wengi wa rika lake. Abasongo ni wazungu. Walipojenga kituo chao mwaka 1907, wenyeji waliwapa jina kwa kanuni ile ile ya koo: wamekaa hapo, basi ni kwao.

Karani hakuandika habari za boma. Aliandika jina la ukoo, namba na ukubwa. Hadi leo hatimiliki za kwetu husomeka Nyaribari Chache, kisha jina la sehemu, Boburia kwa mfano, kisha namba. Majina makubwa yaliponea karatasini. Madogo, ya chemchemi na miteremko, yalibaki midomoni. Kisii imetukaribia, ploti zinauzwa, na mnunuzi huulizia namba. Steji za matatu zinaitwa kwa shule, kanisa au duka. Silalamiki, waliotutangulia nao walipaita mahali kwa kile walichokiona.

Ila vijana wa siku hizi hunijia na swali ambalo daftari lile halikuliandalia safu. Kijana amempata msichana, naye anataka kujua kama ni halali kumwoa. Simuulizi namba ya shamba. Namuuliza nyanya yake aliolewa mteremko gani, na waliolala katika boma la pale walitoka nyumba zipi.