Kiwavi na Kinyonga wa Uporoto

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga na Makambako, huteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, kisha hupanda tena hadi Uyole. Hapo tulikata kushoto kuelekea Tukuyu, tukaingia milima ya Uporoto, penye viazi, kabichi na mahindi hadi ukingoni mwa msitu.

Bustanini tuliwakuta wadudu wale wale tuliowaacha Iringa. Sota hujificha udongoni mchana, na usiku hukata mche shinani. Kantangaze, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, huchimba ndani ya jani la mnyanya na kulibabua. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, hukaa katika moyo wa mhindi. Hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia.

Milima hiyo ina mlaji wao pia. Kinyonga wa pembe tatu wa Uporoto, ambaye makazi yake ni milima hii na jirani zake tu, hunasa kwa ulimi nzi, panzi na viwavi. Hana sumu. Hata hivyo, wengi humwona mkosi na kumpiga mawe. Ajabu ni kwamba ng'ambo watu hutoa fedha kumpata kinyonga. Vinyonga wa nchi yetu waliuzwa huko hadi Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wafugaji wa huko humlisha viwavi waliokuzwa kwa chakula safi, kwani aliyekula majani ya mnyanya huweza kubeba sumu ya majani hayo.

Nasi tuna sumu yetu: dawa ya kupulizia. Kinyonga au kuku amlaye kiwavi aliyepuliziwa hula na dawa hiyo. Kwa bustani ya nyumbani, yatosha kukagua majani kila asubuhi, kuokota viwavi kwa mkono na kuwapa kuku, ila wenye manyoya wasiguswe, maana baadhi yao huwasha.

Kinyonga hatamaliza viwavi wa shamba zima, lakini kila amlaye ni mmoja aliyepungua. Wazazi tuwafundishe watoto wamwache apite.