Viatu vya Gari la Mbio

Watu wengi wasifupo gari la mbio huanza na injini. Husifu nguvu zake, mngurumo wake na wepesi wake wa kuondoka. Magurudumu hutajwa mwisho, nayo hutajwa kwa ajili ya sura. Hata hivyo nguvu zote za injini, kazi yote ya breki na utii wote wa usukani hupita katika sehemu nne tu zigusanazo na barabara, na kila moja ni ndogo kama kiganja cha mtu. Achaguaye tairi na rimu huchagua hali ya viganja hivyo vinne.

Maandishi ya ubavuni mwa tairi ni hesabu nyepesi kwa ajuaye kuyasoma. Itazamwe Subaru Impreza WRX, gari lipendwalo mno na vijana wa Nairobi. Miongoni mwa matoleo yake ya 2002 limo lililotoka kiwandani na tairi za 205/55 R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 112.75. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 406.4. Zikijumlishwa mbavu mbili na rimu, gurudumu zima lina kipenyo cha karibu milimita 632.

Mwenye gari akitaka rimu ya inchi 17, tairi ya 225/45 humpa milimita 634, na tofauti haifiki nusu ya asilimia. Akipanda hadi inchi 18 yampasa kushuka ubavuni hadi 40, apate 637. Asiposhuka, akavika 225/45 juu ya rimu hiyo ya 18, gurudumu hufika karibu milimita 660. Hapo kipima mwendo husema 100 hali gari limekwisha kupita 104, gia zote huwa nzito, na tairi yaweza kukwaruza mwili wa gari katika kona.

Kijana mmoja alikuwa ameweka akiba miezi mingi ili anunue rimu za inchi 18 zilizometameta dukani. Alipompelekea fundi wake habari hiyo, mzee yule hakuuliza bei.

“Mwanangu, gari hili hulipeleka wapi?”

“Naivasha, mzee. Na nyumbani kwa mama.”

“Njia ya kwa mama ina lami?”

Kijana akasita. “Kilomita tisa za mwisho hazina.”

“Basi ubavu wa milimita 90 hautatosha kulimeza shimo. Litamezwa na rimu.”

Haki yadai kusema kwamba rimu kubwa ina sifa zake. Ubavu mfupi haupindi sana, hivyo usukani hujibiwa upesi. Na breki kubwa, kama zile za Brembo katika Impreza STI, hudai nafasi ya rimu ya inchi 17. Lakini uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Kila kilo iliyoongezwa hapo huifanya tairi ichelewe kurudi chini baada ya tuta, na tairi iliyo hewani haishiki chochote. Katika Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, magari yaendayo kasi kuliko yote juu ya mawe huvaa rimu za inchi 15 zenye tairi nene za ubavu. Rimu za 18 mashindano hayo ya dunia huziweka kwa ajili ya lami. Vijana wengi wasimamao kando ya njia kutazama vumbi hilo wamefunga kinyume chake.

Jambo la matundu lilikuwa zito zaidi. Kitovu cha gari la kijana kilikuwa na bolti tano juu ya duara la milimita 100. Rimu za dukani zilitobolewa kwa duara la 114.3, kipimo ambacho STI ilikichukua kuanzia toleo la 2005. Muuzaji alikuwa amesema zitakubali. Mzee akacheka bila furaha, akasema bolti iliyolazimishwa hukubali mpaka siku ya mteremko. Rimu zikaachwa dukani.

Wakakubaliana rimu nyepesi za inchi 17 na tairi nne za 225/45, zote za aina moja. Gari lisukumwalo na magurudumu yote manne halivumilii tairi iliyokwisha kuvaana na tairi mpya: mzingo ukitofautiana, difu ya katikati hufanya kazi hata katika njia iliyonyoka, ikapata moto na kuharibika. Tairi zilipoletwa, kijana aliinama mwenyewe kusoma zile tarakimu nne za tarehe, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tatu zilisema 3523. Ya nne, iliyong’arishwa vizuri kuliko wenzake, ilisema 0816, naye akamrudishia muuzaji.