Stesheni ya Mbele Haijajibu

Baba yangu alikuwa mtu wa simu tangu zamani, simu zilipokuwa bado za ofisi na za wachache. Aliajiriwa na reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akabaki na Shirika la Reli Tanzania, na sehemu kubwa ya utumishi wake ikapita kwenye stesheni ndogondogo za njia ya Tanga akiwa stesheni masta. Mezani kwake palikuwa na simu nzito nyeusi, daftari na kalamu. Kabla treni haijaruhusiwa kuondoka alipiga stesheni ya mbele, akauliza kama njia iko wazi, akaandika jibu pamoja na saa, kisha akalirudia neno kwa neno kwa aliyelitoa. Njia ilikuwa moja tu. Aliyekosea kusikia angeweza kukutanisha treni mbili. Nilipokuwa nikimpelekea chakula cha mchana nilimkuta akirudia majibu yale kwa sauti ya taratibu, hata kama aliyekuwa upande wa pili alikuwa rafiki yake wa miaka mingi.

Watu wengine pale kwetu Korogwe hawakuwa na shughuli na simu. Habari ya msiba ilikuja kwa telegramu au kwa mtu aliyetumwa. Pesa ilisafiri kwa basi: unazikunja noti ndani ya bahasha, unaibandika gundi, unaandika jina la mpokeaji, unamkabidhi kondakta unayemfahamu. Matapeli walikuwepo, tena wengi. Stendi kulikuwa na wacheza karata tatu, na ilikuwa nadra kumkosa yule bwana mwenye kipande cha "dhahabu" kilichofungwa kwenye karatasi. Lakini hao ulisimama nao uso kwa uso. Baba alikuwa akituvuta pembeni na kutuonyesha: yule anayeshinda kila mara ni mwenzao, na yule anayekuhimiza uweke pesa ni mwenzao pia. Mzee mwenye akili zake aliweza kumpima mtu kwa macho, akauliza ukoo wake na kijiji chake, na tapeli akajikanyaga.

Mwaka 2008 M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliingia Tanzania na mitandao mingine ya simu ikafuata na huduma zake. Sipendi maandishi yanayozungumzia simu za wazee kana kwamba ni balaa lililoshushwa juu yao. Kwetu ilikuwa neema. Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Muheza na ana shamba la michungwa. Hakuwahi kuwa na akaunti ya benki. Kwa simu ya kitochi aliweza kupokea malipo ya machungwa, kulipa vibarua, kununua dawa zake za presha, na kumtumia mjukuu wake nauli ya shule bila kumwomba mtu yeyote msaada. Mwanamke aliyezoea kuficha fedha chini ya godoro alikuwa sasa na mahali pake pa siri palipofungwa kwa tarakimu nne alizozijua yeye peke yake.

Wezi nao walihamia huko. Mwanzoni walirusha nyavu ovyo. Kila Mtanzania anaufahamu ujumbe ule usiokuwa na salamu: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Ulimnasa mpangaji aliyekuwa kweli anajiandaa kulipa kodi. Kulikuwa na mwingine wa kujiunga na Freemason upate utajiri, na wa mganga wa kurudisha mali iliyopotea. Baba aliusoma mmoja mmoja na kuufuta.

Baadaye wakaanza kulenga. Hili ndilo badiliko lililotugusa sisi, na nimelitazama likikua. Kila jambo la kweli lililotangazwa redioni liligeuzwa kuwa hadithi ya tapeli. Mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018 na kuzaa PSSSF, wastaafu walikuwa wanauliza majalada yao yako wapi, na simu zikaanza kulia: baba, tunahakiki taarifa zako, kuna nyongeza yako imekwama, lipia gharama ya faili. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, wakapiga kusema laini yako inafungwa leo saa kumi. Hata madai ya wazee waliofanyia kazi Jumuiya, yaliyochukua miaka mingi mahakamani na ambayo baba alikuwa na haki nayo, yaligeuzwa chambo. Mtu anayengojea haki yake tangu ujana, ukimwambia imepatikana, moyo unatangulia mbele ya akili.

Na wote walianza kwa shikamoo. Mtu akikuamkia kwa adabu unamwitikia marahaba, unamuuliza za huko, unamsikiliza mpaka amalize. Kumkatia simu mtoto wa mwenzio aliyekuheshimu ni ufidhuli, na wazee wetu hawakulelewa hivyo. Nimesikia vijana wakisema wazee wanatapeliwa kwa sababu hawajui teknolojia. Nakataa. Nimewaona walimu wastaafu, wahasibu na wauguzi wakiibiwa. Mlango uliotumika ni malezi yao mema.

Shangazi alipigiwa baada ya msimu wa machungwa, akiwa na fedha ya mauzo ndani ya simu. Kijana alimsalimu vizuri sana, akajitambulisha kuwa anatoka makao makuu ya mtandao, akasema laini ya shangazi ni miongoni mwa laini za zamani zilizochaguliwa kupewa zawadi. Hakumwomba namba ya siri hata kidogo. Tena alimwonya asimtajie mtu. Alimwomba tu ajaze fomu. Akamtajia nyota na tarakimu za kubonyeza. Shangazi akabonyeza. Akamwambia achague moja. Kisha aandike "namba ya fomu", akamsomea tarakimu mbilimbili, kumi kwa jumla, na ya kwanza ilikuwa sifuri. Halafu "namba ya bahati": nne, nane, na sifuri nne. Halafu aweke "sahihi yake ya siri" ili fomu ithibitishwe. Katikati ya hatua alikuwa akimsifia: mama unaelewa haraka kuliko vijana. Mwishoni akamwambia azime simu kwa saa moja ili usajili ukamilike.

Ile fomu ilikuwa menyu ya kutuma pesa. Namba ya fomu ilikuwa namba ya mpokeaji, namba ya bahati ilikuwa shilingi 480,000, na sahihi ni ile namba ya siri aliyoonywa asiitaje, ambayo aliiandika mwenyewe kwa kidole chake. Saa moja ya kuzima simu iliwatosha kuitoa fedha kwa wakala.

Hakutuambia. Tulikuja kujua baada ya miezi kadhaa, mkamwana wake alipogundua kwamba vidonge vya presha vinamezwa siku moja na kurukwa siku inayofuata ili vidumu. Alipobanwa alisema, "Mtu mzima mimi, nimeibiwa na sauti. Ningewaambia nini?" Sentensi hiyo iliniuma kuliko fedha zenyewe. Aibu ile ndiyo iliyomkinga mwizi, kwa sababu taarifa iliyotolewa ndani ya dakika chache inaweza kuwahi fedha kabla haijatolewa, na iliyotolewa baada ya miezi haisaidii kitu.

Tulikutana Korogwe kwa baba. Kaka yangu alikuwa amewaka. Alitaka shangazi anyang'anywe simu, fedha zake zote zipitie kwake Dar es Salaam, na baba naye apunguziwe matumizi. Alisema maneno makali mbele ya shangazi, na shangazi akanyamaza akitazama mkeka. Baba alimwachia amalize, kisha akamtaka amwombe radhi shangazi yake palepale, kabla ya jambo lingine lolote kuzungumzwa. Akaomba. Ndipo baba akasema kwamba kumnyang'anya shangazi simu ni kumwondolea kikoba chake, habari za misiba, wateja wake wa machungwa na salamu za wajukuu, yaani mwizi atakuwa amechukua laki nne na themanini na sisi tutachukua vilivyobaki.

Kisha akatueleza jambo ambalo sisi wasomi wake hatukulifikiria. Alisema miaka yote ya kazi hakuwahi kutoa njia kwa sababu ya sauti. Sauti ya mwenzake aliijua fika, lakini sheria ilimtaka apige yeye, aulize yeye, aandike, arudie. "Stesheni ya mbele haijajibu, treni haiondoki. Hata abiria wakikutukana." Akaagiza daftari la shule.

Kwenye daftari lile tuliandika namba za watu wote wa ukoo kwa herufi kubwa, na namba 100, ile ya huduma kwa wateja, kwa kuwa mitandao yenyewe hutangaza kwamba hiyo ndiyo namba inayoitumia kuwapigia wateja. Utaratibu wa baba ulikuwa mfupi: neno lolote la fedha likitajwa, simu inakatwa, na mzee anapiga mwenyewe namba iliyomo daftarini, kamwe si ile iliyompigia. Anayejiita mwalimu wa mjukuu na kusema mtoto ameanguka shuleni, anapigiwa mama wa mtoto. Anayesema amekosea kutuma pesa na anaomba irudishwe, shangazi anatazama salio kwanza, maana meseji ya uongo huandika kwamba fedha imeingia na salio linabaki lilelile.

Ugumu ulikuwa kukata. Shangazi alisema wazi hawezi kumkatia mtu anayemwamkia. Hapo baba akamtungia maneno: "Marahaba mwanangu. Mambo ya pesa ya nyumba hii anayaangalia binti yetu. Nisalimie mama yako." Ukishasema hivyo, adabu imetimia na unaweza kubonyeza kitufe chekundu. Alimfanyisha mazoezi pale mkekani, yeye akiwa tapeli, akibembeleza, akitishia, akijidai ofisa wa polisi, na shangazi akirudia maneno yaleyale. Ninaamini hili ndilo lililomwokoa zaidi ya onyo lolote. Kumwambia mzee awe makini ni kumwachia mzigo mzima. Alihitaji njia ya kukataa ambayo haimvunjii heshima yake mwenyewe.

Mengine yalifuata. Binti mwenye kibanda cha uwakala karibu na nyumbani kwa shangazi aliombwa amuulize kila anapotuma kiasi kikubwa: bibi, huyu unamfahamu? Fedha ya msimu haikai tena yote kwenye simu. Na siku moja nilipokuwa naye nilimpigia *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ikaonekana laini asiyoijua. Akakumbuka kwamba wakati wa usajili kijana wa barabarani alimwambia kidole hakijasoma, aweke tena. Tulikwenda duka la mtandao huo ikaondolewa. Tangu hapo namwomba kila ninayemfahamu mwenye mzazi amfanyie jambo hilo dogo, kwa sababu laini inayotumika kuwaibia wengine inaweza kuwa na jina la mama yako.

Serikali na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wamefanya kazi. Kampeni ya Sitapeliki imewafikia hata wasiosoma magazeti, na kutuma namba za matapeli kwenda 15040 ni jambo ambalo shangazi analifanya kwa bidii, akisaidiwa na mjukuu. Ila ningependa mitandao iende mbele zaidi. Mzee aruhusiwe kuomba kwamba fedha ikizidi kiwango fulani isubiri saa kadhaa kabla ya kuondoka, au mtu aliyemteua apewe taarifa kwanza. Haraka ni ya tapeli. Muuzaji wa mbolea na mwalimu mkuu wanaweza kusubiri mpaka jioni.

Sasa kuna hofu nyingine. Kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu, na wajukuu wetu wameweka sauti zao kila mahali mtandaoni. Niliposimulia habari hizo nyumbani baba hakushtuka sana. Alisema reli ilishajua kwamba sauti si kitambulisho. Akapendekeza swali la ukoo: anayeomba fedha aulizwe jina la ng'ombe wetu wa kwanza. Lilitusaidia kwa muda, mpaka mjukuu mmoja alipolijibu kwa sauti kubwa akiwa ndani ya daladala. Baba alilifuta siku hiyohiyo, akachagua neno jingine analolijua yeye na shangazi. Hatamki neno hilo kwenye simu. Anayelitaka anaambiwa apande basi aje Korogwe, na mpaka sasa waliokwisha kwenda ni wanne.