Masaa Yako Si ya Bure

Tuongee ukweli kidogo. Siku hizi kila mtu anakwambia geuza kipaji chako kiwe pesa. Unajua kuoka keki? Uza. Unajua kutunga shanga? Uza. Unajua kuchora? Kwani unangoja nini? Lakini hakuna msee anayekuambia sehemu ya pili, ile ngumu: utauza kwa bei gani, na yale masaa uliyokaa chini ukifanya hiyo kazi yatalipwa na nani?

Mimi hufuma kroshia. Ndio, ile ile ya vitambaa vya viti ambavyo mama yako hufua kila mgeni akikaribia. Sasa hivi ni kofia, mikoba, sweta na blauzi za kwenda nazo kwa sherehe. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani, na huu ni mwaka wa tatu nikijilipia kodi kwa sindano moja na hizi video zangu. Nina miaka 23.

Maoni yangu ni haya. Kinachotofautisha mchezo na biashara si ukurasa wa Instagram wenye picha safi, wala mifuko iliyochapwa jina lako. Angalia kama masaa yako yameandikwa kwenye hesabu. Kama hayamo, huna biashara. Una mchezo mzuri unaosaidia watu wengine kuvaa vizuri.

Wacha niweke namba, maanake bila namba tunapiga tu mdomo.

Sweta yangu moja ya mtu mzima hula mipira sita ya uzi wa akriliki, ya gramu 100. Mpira mmoja nanunua kwa shilingi 180, kwa hivyo uzi ni 1,080. Vifungo 60. Nauli ya kwenda mjini kuchukua uzi na kurudi, 100. Jumla 1,240, na bado sijafuma hata mshono mmoja. Kufuma ni masaa 24. Si masaa 24 ya mfululizo, mkono ungekatika, lakini nikijumlisha jioni zote zile, ni siku nzima na usiku wake.

Sasa mteja anakuja. "Siz, si unifanyie 1,500?"

Toa 1,240 kwa 1,500. Inabaki 260. Gawanya kwa masaa 24. Hiyo ni chini ya shilingi 11 kwa saa.

Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya kuongeza pesa za nyumba. Chukua siku 26 za kazi, masaa manane kila siku, utapata karibu shilingi 77 kwa saa. Hiyo ndiyo sheria ilisema ni ya chini kabisa. Kwa hivyo ukikubali ile 1,500, umejilipa kama sehemu moja ya saba ya kile serikali ilisema wakati huo hakuna mtu anafaa kulipwa chini yake. Kama kuna tajiri angekulipa hivyo ungemwanika kwa intaneti. Lakini kwa sababu tajiri ni wewe mwenyewe, unaita hasla.

Mimi hujilipa 150 kwa saa. Ndio maana sweta yangu ni 5,000. Na najua mahali akili yako imeenda: "Elfu tano? Na Gikomba sweta ni mia tatu?" Ni kweli kabisa, na mimi mwenyewe huvaa mtumba, sijaona aibu. Lakini ile sweta ya Gikomba ilishalipiwa na mtu mwingine, ng'ambo, akaivaa akachoka nayo. Pale unalipia usafiri, kodi na jicho la yule muuzaji aliyeichagua kutoka kwa bale. Hakuna saa ya mfumaji ndani ya hiyo bei. Ukijaribu kushindana na mtumba kwa bei, umeshindwa kabla ya kutoka kwa nyumba.

Kuna jambo lingine watu hawajui kuhusu kroshia. Zile sweta za kawaida za kufuma zimekuwa na mashine kwa karne nyingi. Mwingereza anayeitwa William Lee alitengeneza mashine ya kufuma soksi mwaka wa 1589, na tangu hapo mashine zimezidi kuwa na kasi. Kroshia nayo imekataa. Kuna mashine zinazotoa kitambaa kinachofanana nayo kwa mbali, lakini mishono yenyewe, ile ya kupinda, kuzunguka na kurudi ndani ya shimo moja mara tano, bado ni mkono wa mtu. Kwa hivyo ukiona blauzi ya kroshia halisi inauzwa mtandaoni kwa mia nane, na imetoka bara lingine, usishangilie sana. Mahali fulani kuna mtu, na kwa kawaida ni mwanamke, aliyekaa masaa na masaa kuifuma. Ile bei imekuwa rahisi kwa kumtoa yeye.

Haya mambo sikuyasoma chuoni. Niliyaona kwa susu, nyanya yangu mzaa mama, upande wa Kangundo. Susu alikuwa anasuka vyondo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakaa naye likizo, na mikono yake haikuwa inatulia. Anaongea anasokota nyuzi za makonge kwenye paja. Anangoja githeri iive, anasuka. Akienda kwa mkutano wa kikundi, kiondo ambacho hakijaisha kiko kwapani. Kila baada ya wiki kadhaa kulikuwa na mnunuzi anayekuja na pikapu kukusanya vyondo vya akina mama wote wa pale. Anapima kwa macho, anaguza makonge, anataja bei. Hiyo bei ilikuwa na makonge ndani yake, na rangi, na kitu kidogo juu. Siku za kusuka hazikuwa ndani. Hakuna aliyeziuliza, na susu pia hakuzitaja, kwa sababu kwake zile hazikuwa siku za kazi. Zilikuwa tu siku.

Simtukani yule mnunuzi. Alikuwa na gharama zake, mafuta, mikanda ya ngozi ya kushonea, kodi ya soko mjini. Lakini vyondo kama vile nimekuja kuviona Nairobi vikiwa vimetiwa mikanda, vikiuzwa kwa watalii mara nyingi zaidi ya ile bei ya Kangundo. Mahali fulani katikati ya safari, mtu alijua kuhesabu masaa yake. Ni yule tu aliyekisuka ambaye hakuwa amehesabu.

Mwaka jana mama alikuja na habari njema, kulingana naye. Wanawake wanane wa chama chake walitaka sweta za kroshia, rangi moja, wavae kwa harusi ya binti ya mmoja wao. Alikuwa ameshawaambia elfu moja kila mmoja. "Ni watu wetu," akasema. "Na ni oda nane kwa mara moja, si ni baraka?"

Sasa, kumkatalia mteja wa mtandaoni ni rahisi. Unaandika "asante, hiyo ndiyo bei" na unaendelea na maisha. Kumkatalia mama yako, aliyekukaribisha nyumbani siku ulipotoka chuo na hakukuuliza swali hata moja, hiyo ni kitu kingine. Na hawa ni wanawake ambao walichangia karo yangu ya mwaka wa kwanza. Sikuwa na deni kwa karatasi, lakini sisi wote tunajua deni la aina hiyo.

Nikamletea mama daftari langu. Huwa naandika kila kitu: uzi, vifungo, nauli, na masaa kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Mama, angalia. Kwa elfu moja, uzi pekee umeshapita. Nitakuwa nawalipa mimi ndio niwafumie, na ni masaa mia moja tisini na mbili."

Akalisoma lile daftari muda mrefu. Nilidhani ataniambia nimekuwa na kiburi cha mjini. Badala yake akaniuliza, "Susu yako kiondo kimoja kilikuwa kinamchukua siku ngapi?"

Hakuna kati yetu aliyejua. Tulijua alikuwa anapata pesa ngapi, kwa sababu hizo pesa ndizo zilikuwa karo ya mama. Zilimfikisha fomu tu, kisha zikaisha. Siku zenyewe hakuna mtu aliandika. Mama akafunga daftari, akasema pole pole, "Labda zingenimalizia shule." Baadaye akaenda kuwapigia simu wenzake.

Hatukufuma sweta nane. Tulifuma maua nane ya kroshia ya kubandika kifuani, kila moja dakika arobaini, shilingi 150, rangi moja kama walivyotaka. Mama wa bibi harusi peke yake nilimfumia shali, na hiyo nilitoa kama zawadi, kwa mkono mweupe, bila kuchukua hata shilingi ya uzi.

Hii ndiyo sheria yangu na jamaa na marafiki mpaka leo: ama ni zawadi, ama ni bei kamili. Katikati hakuna. Zawadi inaleta upendo. Bei kamili inaleta heshima. Ile "bei ya rafiki" inaleta chuki ya kimyakimya, kwa sababu wewe unafuma usiku ukijua umepunjwa, na yeye anavaa akijua amekufanyia fadhila.

Na tafadhali, msitumie upendo kama punguzo. Kuna watu wakisikia napenda kufuma wanasema, "Si hata ni kitu unapenda, utafanya tu ukitazama filamu." Ndio, napenda. Daktari mzuri pia anapenda kazi yake na bado utalipa kwa dirisha kabla hajakuona. Kupenda kazi ni sababu ya mimi kuifanya vizuri. Haikupunguzii bei.

Sasa kwa wafumaji wenzangu, na hapa najua baadhi yenu mtanuna. Ukiwa bado kwenu, chakula ni cha mzazi, stima ni ya mzazi, halafu unauza sweta kwa 1,200, usituambie wengine tuna tamaa. Ile bei yako ya chini kuna mtu anailipia, na ni mzazi wako. Siku utahama kwenda kwa bedsita yako, hiyo bei haitahama na wewe, na wateja uliowazoesha hawatakuelewa. Anza na masaa kwenye hesabu hata kama bado huyahitaji.

Swali la haki ni hili: je, watu wa umri wetu wana elfu tano za sweta? Wengi hawana. Mimi pia singekuwa nayo. Lakini jibu la hiyo shida ni kubadilisha kitu unachouza. Masaa yako usiyaguse. Kofia yangu inakula karibu mpira mmoja wa uzi na masaa matatu. Uzi 180, masaa 450, mfuko 20, inakuwa 650. Nauza 700, na ile hamsini ni ya yale masaa yasiyoonekana, ya kupiga picha na kujibu watu wanaouliza "bei?" na bei imeandikwa pale juu. Mwanafunzi anaweza kujipanga akapata 700. Kofia ndizo zinanilisha, sweta ni mbili au tatu kwa mwezi, na kila sweta inaanza na nusu ya pesa kwa simu kabla sijanunua uzi.

Sitakudanganya kwamba nimetajirika. Mwezi mzuri, kama Juni na Julai baridi ikiuma, naingiza kitu kama 22,000 baada ya kutoa vifaa. Januari inaweza kuwa 9,000. Kuna siku kifundo cha mkono wa kulia kinawaka mpaka nafunga sindano siku mbili. Pia hiyo ni gharama, na ni sababu nyingine ya kutouza masaa kwa bei ya kutupa: haya masaa yana mwisho. Mkono ukichoka hakuna wa kubadilisha.

Kwa hivyo kabla hujafungua ukurasa wa biashara, kabla hujachagua jina na rangi, fanya kitu kimoja. Tengeneza kile kitu chako, chochote kile, na saa iko mezani. Andika ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi. Zidisha kwa kiasi ambacho ungekubali kulipwa na mtu mwingine, ongeza vifaa, uangalie ile namba. Kama inakutisha, afadhali ikutishe leo, ukiwa na kitu kimoja mkononi, kuliko ukiwa na oda thelathini. Wateja wengine wataondoka. Waache waende. Atakayebaki anajua analipia nini, na wewe pia utakuwa unajua.